Vifaa vya ufinyanzi: chagua kwa hali ya udongo

Anayeanza ufinyanzi huniomba orodha ya vifaa. Kabla sijamtajia hata kimoja, humuuliza maswali mawili: vyombo vyako utavichomea wapi, na unataka kufinyanga nini? Jibu la kwanza ndilo linalochagua udongo. La pili ndilo linalochagua vifaa. Wengi huanzia upande wa pili. Mkoba wa vifaa unanunuliwa leo, udongo unanunuliwa kesho kwa sababu rangi yake imependeza, na baadaye inabainika kuwa tanuri pekee wanaloweza kuombea nafasi halifikii joto ambalo udongo ule unalitaka.

Kwa hiyo tuanzie motoni, kwa ufupi. Udongo mwekundu wa kawaida huiva takribani kati ya nyuzi joto 1,000 na 1,150 za Selsiasi. Udongo wa joto la juu, ule unaotoa vikombe vizito visivyonyonya maji, huhitaji takribani nyuzi 1,200 hadi 1,300. Ukiuchoma huu wa pili kwa nyuzi 1,050, utapata chombo kinachoonekana kizima lakini kinavuja jasho ukikitia maji. Ukiupandisha ule mwekundu hadi 1,250, unaweza kulegea, ukavimba au hata kuyeyuka juu ya kibao cha tanuri, na hapo umeharibu mali ya mtu. Mwenye tanuri muulize mambo matatu: joto la juu analochomea, kimo na upana wa nafasi ya ndani, na aina za udongo na glezi (mpako wa chombo unaogeuka kama kioo kwenye moto wa pili) anazozikubali. Kama utachomea moto wa wazi, wa kuni na majani makavu, tafuta udongo uliochanganywa mchanga au vigae vilivyosagwa, kwa sababu moto ule hupanda haraka na udongo laini mtupu hupasuka. Vyombo vyake hubaki vinanyonya maji. Ni vizuri kwa mapambo na miche.

Ukishajua udongo wako, kifaa cha kwanza jitengenezee mwenyewe. Kata kipande cha udongo mbichi chenye urefu wa sentimita 14, upana wa 3 na unene wa 1. Chora juu yake kwa sindano mstari wa sentimita 10 kamili. Kiache kikauke taratibu, kichomwe hadi joto lako la mwisho, kisha pima mstari. Tuseme umebaki sentimita 8.8. Basi udongo wako umepungua kwa asilimia 12, na kikombe unachotaka kiwe na kimo cha sentimita 10 lazima ukifinyange kikiwa na takribani 11.4. Udongo mwingi wa joto la juu hupungua kati ya asilimia 10 na 13, lakini namba ya jumla haikusaidii. Inayokusaidia ni ya udongo ulio mezani kwako. Kipande changu kimetobolewa tundu na kimetundikwa juu ya meza, na kila nibadilishapo udongo hutundika kingine kando yake. Hakuna rula ya dukani iliyowahi kunifaa zaidi.

Sasa vifaa vyenyewe. Kanuni yangu ni kwamba kifaa hakichaguliwi kwa sura wala kwa seti. Huchaguliwa kwa hali ambayo udongo utakuwa nayo siku utakapokigusisha. Udongo mbichi unataka kifaa kisichokwaruza. Udongo ulionyauka, yaani umeanza kukaza lakini bado una ubaridi ukiugusa, unataka makali. Udongo mkavu kabisa hautaki kifaa chochote isipokuwa uangalifu. Uliochomwa mara ya kwanza unataka brashi, maji na mkono mwepesi. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji walijua kazi hii: kila hali ina saa yake, na kifaa kizuri kilichokuja saa isiyo yake huharibu.

Udongo mbichi

Waya wa kukatia ndio ninaoutumia kuliko kifaa kingine chochote, na ndio watu wanaouchagua bila kuutazama. Angalia kwanza mahali waya unapoingia kwenye vipini. Hapo ndipo unapokatikia. Waya uliopitishwa tundu la kipini kisha ukasokotwa tu utaanza kuchanika nyuzi moja moja, na ncha hizo huchoma vidole. Ule ulioshikwa kwa kibanio cha chuma kilichobanwa hudumu. Halafu angalia unene. Waya mwembamba wa uzi mmoja hupita kama hauko, huacha chini ya chombo uso laini, na unafaa kukatia vikombe na mabakuli kutoka kwenye gurudumu la mfinyanzi, lile linalozungusha udongo. Waya mnene wa nyuzi zilizosokotwa ndio wa kugawia bonge la udongo la kilo kumi, na huacha mistari ambayo wengine huipenda chini ya vyombo vyao. Nashauri uwe nazo zote mbili. Mshipi wa kuvulia wa nailoni unaweza kushika nafasi ya ule mwembamba. Funga vifungo viwili au vijiti viwili kwenye ncha zake na umemaliza.

Urefu wa sentimita 45 hadi 50 unatosha kazi nyingi. Waya mrefu mno hulegea katikati, na waya uliolegea hupanda juu unapopita chini ya chombo, ukakata kitako kikawa chembamba katikati. Ndiyo maana unapokata, vidole gumba vinaubana waya chini kabisa, karibu na chombo, pande zote mbili. Waya ukishapata kikunjo kikali, utupe. Kikunjo hakinyooki, na kila ukikata kitaacha mfereji.

Sponji nunua mbili zisizofanana. Moja ndogo ya mviringo, laini, inayokaa kiganjani, ya kuchukulia maji na kulainishia mdomo wa chombo. Nyingine kubwa ya kusafishia meza, na usizichanganye. Kama utafinyanga vitu vyenye shingo nyembamba, funga kipande cha sponji kwenye ncha ya kijiti kirefu. Maji yaliyobaki chini ndani ya mtungi ni chanzo kimoja cha kitako kupasuka: sehemu hiyo hubaki laini wakati kuta zinakaza, na baadaye zinavutana. Lakini sponji ina mipaka yake. Kwenye udongo wenye vigae vilivyosagwa, sponji huosha ule udongo laini wa juu na kuacha chembe zimechomoza, na kikombe kikichomwa kinakuwa kama msasa mdomoni. Udongo wa aina hiyo malizia kwa mpira, ambao husukuma chembe ndani badala ya kuzifichua.

Sindano ni ya kukatia mdomo usio sawa na kupimia unene wa kitako: ichome katikati hadi iguse chini, teremsha ukucha hadi uguse udongo, uichomoe uone umebakiza kiasi gani. Chagua yenye kipini kinene cha rangi kali. Sindano iliyopotelea kwenye ndoo ya mabaki ya udongo itapatikana na kiganja cha mtu siku mabaki yale yanapokandwa upya. Mimi huichomeka kwenye kizibo kila nikiiweka chini, na huhesabu sindano kabla sijafunga ndoo.

Sasa vibao vya kulainishia, kwa sababu hapa ndipo chombo kinapopata umbo, na hapa ndipo ningekushauri utumie fedha zako kwanza. Viko vya aina tatu: mti, chuma na mpira.

Cha mti hujenga. Unakiweka nje au ndani ya ukuta wa chombo kinachozunguka, mkono mwingine unasukuma kutoka upande wa pili, na tumbo la bakuli linafuata mkunjo wa kibao. Hivyo basi unachonunua kwa kweli ni mkunjo. Kishike kando ya bakuli unalolipenda nyumbani uone kama kinalingana nalo. Ukingo wake uwe umepunguzwa upande mmoja tu; ukingo mnene pande zote huchota udongo mwingi. Mti uwe mgumu wenye nyuzi za karibu, usiokuwa na vanishi, kwa sababu vanishi hubanduka na vipande vyake huingia kwenye udongo.

Cha chuma hukandamiza na kukwangua. Ni bamba jembamba lenye umbo la figo. Libane kati ya kidole gumba na cha shahada ulikunje kidogo. Linatakiwa likubali kukunjika na lirudi lenyewe. Gumu mno halifuati ubavu wa chombo, na laini mno hutikisika na kuacha mawimbi. Kama udongo wako ni mweupe, lazima liwe chuma kisichoshika kutu. Bamba hili ndilo linalookoa sahani: unapokandamiza sakafu ya sahani kutoka katikati kwenda nje na kurudi, unazibana chembe za udongo, na ule ufa wa umbo la S unaotokea katikati ya kitako hupungua sana. Fanya hivyo hata kama sakafu inaonekana laini tayari.

Cha mpira humalizia. Kinapatikana kwa ugumu tofauti, na rangi mara nyingi ndiyo inayotofautisha, ila usiamini rangi, kibonyeze. Kigumu kinasaidia kuunda. Laini, kinachokunjika kwa kidole kimoja, kinafuta alama za vidole na maji ya ziada kwa mkupuo mmoja. Nikilazimishwa kubaki na kifaa kimoja tu juu ya gurudumu baada ya waya, nitabaki na mpira laini.

Huna haja ya kununua vyote. Kadi ya plastiki iliyokwisha muda, ikikatwa kwa mkasi na ukingo wake ukapigwa msasa, ni kibao kizuri sana na unaweza kuikata ifuate mkunjo unaoutaka wewe. Wafinyanzi wa sehemu nyingi duniani wametumia vipande vya kibuyu, gamba la kome na gunzi la hindi kwa kazi hii hii, na vyombo vyao havikukosa chochote. Ladi Kwali wa Nigeria, ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20, alijifunza kujenga mitungi mikubwa kwa mkono bila gurudumu. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyombo vyake kwa mkono na kuvikwangua na kuving'arisha kwa muda mrefu, na viko katika makumbusho makubwa ya dunia. Nawataja kwa sababu kila mara nakutana na mtu aliyeahirisha kuanza ufinyanzi akisubiri gurudumu. Gurudumu nitalifikia. Kwanza meza.

Kwa anayejenga kwa mkono

Tafuta uso usiong'ang'ania udongo. Ubao wa plaiwudi uliofunikwa kitambaa kizito cha turubai na kupigiliwa misumari upande wa chini unatosha. Kitambaa kiwe kimevutwa sana. Kikilegea kinaacha mikunjo kwenye bapa, yaani udongo uliosukumwa ukatandazika kama ubao. Kabla hujaanza, kifute kwa sponji yenye unyevu, na nitaeleza sababu nikifika kwenye vumbi.

Kusukuma bapa kunahitaji mpini wa kusukumia ulio mrefu kuliko upana wa bapa lenyewe, na fito mbili za unene mmoja. Fito hizo ndizo siri yote. Unaziweka kushoto na kulia kwa udongo, mpini unapita juu yake, na bapa linatoka na unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Milimita 6 inafaa kikombe. Kwa sinia au sanduku kubwa nenda milimita 8 hadi 10. Pima fito kabla ya kununua, kwa sababu mbili zinazodaiwa kuwa sawa mara nyingi si sawa. Usisukume upande mmoja tu. Geuza bapa, lizungushe, lisukume tena, kwa kuwa udongo unakumbuka: uliovutwa upande mmoja hujirudi ukikauka na sahani inapinda.

Kisahani cha kuzungusha kwa mkono ni kifaa ambacho ningependa kila mtu anunue kizuri mara moja. Uzito ndio kila kitu. Chepesi cha plastiki huhama mezani unapobonyeza chombo. Kizungushe kwa nguvu, ukiache, usikilize: kizuri kinaendelea kwa muda mrefu bila kukwaruza na bila kuyumba. Kiinamie uangalie ukingo wake kwa usawa wa jicho. Kama unapanda na kushuka, mdomo wa kila chungu utakaoukata juu yake utapanda na kushuka vilevile. Kipenyo cha sentimita 20 hadi 25 kinatosha.

Kuhusu mashine za kusukumia bapa na zile za kusukuma udongo utoke kama kamba: ziache. Kamba za udongo zinatoka vizuri kwa viganja viwili, na mkono unaojifunza kuzisokota unajifunza pia unyevu sahihi wa udongo.

Udongo ulionyauka

Hapa ndipo makali yanapoanza kazi, na hapa ndipo vifaa hafifu hujidhihirisha. Bonyeza udongo kwa ukucha. Ukiacha alama safi bila kunata, uko tayari kuchongwa. Ukinata, subiri. Ukiwa huachi alama, umechelewa.

Vikwangulio vya kuchongea kitako viko vya namna mbili: vya kitanzi cha waya wa mviringo, na vya utepe wa chuma bapa. Vya waya vinafaa kutoboa na kukomba ndani ya sanamu, lakini kitako cha bakuli kinachongwa vizuri kwa utepe bapa wenye makali. Kikamate kipini, tikisa kitanzi kwa vidole. Kikicheza hata kidogo, rudisha. Angalia pia mahali utepe ulipounganishwa. Kiungo kilichovimba huchora mstari kwenye chombo. Upana wa utepe uwe wa aina mbili, mpana wa kuondolea udongo mwingi na mwembamba wa kuchongea pembe ambapo kitako kinakutana na tumbo. Kimoja chenye umbo la peasi na kingine chenye kona ya mraba vinamaliza karibu kila kazi.

Makali yakiisha, hujaishiwa kifaa. Tupa ndogo bapa, ikipitishwa upande wa nje wa utepe mara chache, hurudisha ukali. Kuna vile vya kabaidi ya tangsteni, yaani mchanganyiko mgumu kuliko chuma cha kawaida, ambavyo hukaa na makali kwa muda mrefu sana, lakini ni ghali na havistahimili kuanguka. Vikipiga sakafu ya saruji hubanjuka. Vinunue ukishaanza kuchonga kila wiki. Kabla ya hapo, kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, kilichonolewa na kufungwa kitambaa upande wa kushikia, kitakufundisha kuchonga vizuri kabisa.

Jinsi ya kujua kwamba kifaa na saa vimekubaliana: maganda yanatoka marefu, yamejikunja, na hayagandi kwenye chuma. Yakitoka unga, acha. Udongo umekauka mno, na hakuna kikwangulio cha kukusaidia.

Kuunganisha mkono wa kikombe hakuhitaji kifaa maalumu. Mswaki wa zamani na maji vinachana uso na kutengeneza rojo la udongo kwa pamoja. Ninaupenda kuliko uma na kuliko vile vikwaruzo vya meno vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Sharti la pekee ni kwamba kikombe na mkono viwe na unyevu mmoja.

Kwa hilo unahitaji namna ya kuzuia udongo usikauke. Mifuko myembamba ya plastiki, ile inayolala juu ya chombo bila kukilemea, ni bora kuliko mizito. Kizuri zaidi ni kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, ambalo chini yake umemimina plasta ya jasi yenye unene wa sentimita 2 au 3 na ikaganda. Nyunyiza maji kwenye plasta, weka vikombe juu ya kibao kidogo, funika. Vitakaa na unyevu wao kwa wiki nyingi, na wewe mwenye kazi nyingine utarudi kwenye udongo ukiwa bado unakusubiri. Hiki ndicho kifaa ninachokipendekeza kwa kila anayefinyanga jioni na mwisho wa wiki tu. Ila plasta usiikwangue kwa chuma. Chembe ya plasta iliyoingia kwenye udongo huvuta unyevu hata baada ya kuchomwa, huvimba, na hurusha kipande cha ukuta wa chombo. Ndiyo sababu vibao vya plasta vya kukaushia udongo wa mabaki navyo visikwanguliwe.

Udongo mkavu, na vumbi lake

Chombo kikavu ni chepesi kuvunjika, na kishawishi ni kukipiga msasa kikae laini. Usifanye hivyo. Vumbi la udongo lina silika, madini yale yaliyomo mchangani, na chembe zake ndogo zisizoonekana huelea hewani kwa saa nyingi, huingia mapafuni na kukaa humo. Ugonjwa unaoletwa na kuvuta vumbi hilo kwa muda mrefu hauna tiba. Kwa hiyo vifaa vya usafi navihesabu pamoja na vifaa vya kufinyangia, tena kabla ya gurudumu: ndoo, sponji kubwa na tambara la kudeki. Meza hufutwa, sakafu hudekiwa, ufagio haugusi chumba. Kama chombo kina kona ya kulainisha, ifute kwa sponji yenye unyevu kidogo.

Barakoa ni kwa siku unazopima unga wa glezi au kuvunja udongo mkavu. Iwe ya daraja la N95 au FFP2 angalau, na P100 au FFP3 ni bora. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Ndevu huizuia isishike uso, na isiposhika haikulindi. Aproni iwe ya kitambaa laini kinachofutika au plastiki, kwa sababu zile zenye manyoya kama taulo hubeba vumbi hadi sebuleni.

Maji ya kunawia vifaa yasiende kwenye sinki. Udongo hutuama bombani na kuliziba. Osha kwenye ndoo, acha itulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, rudisha udongo wa chini kwenye mabaki.

Baada ya moto wa kwanza

Uchomaji wa kwanza kwa kawaida huishia kati ya nyuzi 1,000 na 1,060, na chombo hutoka kigumu kiasi cha kushikika lakini kingali na kiu. Kifute kwa sponji yenye unyevu kuondoa vumbi, la sivyo glezi itajikunja na kuacha mabaka.

Brashi iwe pana, ya nywele laini, inayobeba glezi nyingi. Brashi za rangi za ukutani zenye nywele ngumu huacha mifereji inayoonekana hata baada ya moto. Ichovye majini, ikung'ute, vuta nywele zake taratibu, zikitoka, usiinunue. Glezi za kupaka kwa brashi huhitaji tabaka mbili au tatu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Anayeanza anunue glezi iliyokwisha tengenezwa, isiyo na risasi, iliyoandikwa kuwa inafaa vyombo vya chakula, na ya joto lile lile la udongo wake. Ukihamia kwenye glezi za kuchovya, utahitaji chujio la matundu 80 kwa inchi, mizani inayosoma gramu 1, na chombo cha kupimia mililita 100. Glezi nyingi za kuchovya hukaa vizuri mililita 100 zikiwa na uzito wa gramu 140 hadi 150. Andika uzito wa siku iliyotoka vizuri kwenye mfuniko wa ndoo yenyewe.

Nta ya kupaka kitako ni starehe. Sponji yenye unyevu inasafisha kitako vilevile, mradi uache milimita 3 hivi bila glezi kutoka chini.

Hata ukichomea kwa mtu, nunua koni za kupimia joto, vile vipande vidogo vya udongo maalumu vinavyoinama moto ukifikia kiasi chake. Mkemia Mjerumani Hermann Seger alizitengeneza mwaka 1886, na bado zinasema ukweli ambao kipimajoto cha tanuri hakisemi, kwa sababu hupima joto pamoja na muda ambao chombo kimekaa ndani yake. Omba kimoja kiwekwe kando ya kikombe chako. Ukitoa kikombe kisichopendeza utajua mara moja kama lawama ni ya moto au ya glezi.

Gurudumu

Nimeliweka mwisho kwa makusudi. Ukishafinyanga kwa mkono miezi kadhaa na bado unalitamani, tafuta mahali ukodi saa chache juu ya magurudumu tofauti kabla ya kununua.

La kukanyaga kwa mguu halina injini wala kelele, na mwendo wake unashuka wenyewe taratibu, jambo zuri kwa mwanafunzi. Lakini ni zito, linachukua nafasi, na halifai magoti mabovu. La umeme linahukumiwa kwa mwendo wa polepole, si wa kasi. Muuzaji atakuonyesha linavyokimbia. Mwombe alishushe hadi karibu kusimama, kisha ukandamize kichwa cha gurudumu, yaani kile kisahani cha juu kinachozunguka, kwa viganja viwili kwa nguvu unayotumia kuweka udongo wa kilo 3 katikati. Likisitasita au likikwama, litakusumbua kila siku. Kanyagio lipande na kushuka bila kuruka, na likiachwa mahali libaki pale pale. Sikiliza kelele yake kwa dakika kadhaa, hasa kama utafinyangia ndani ya nyumba na wengine wamelala.

Uliza kama linazunguka pande zote mbili. Nchi nyingi za Magharibi hufinyanga gurudumu likienda kinyume cha saa, Wajapani kwa kawaida huzungusha kuelekea mwendo wa saa, na mtumia mkono wa kushoto mara nyingi hutulia zaidi kwa upande huo. Tazama bakuli la kuzuia maji: litoke kwa urahisi, kwa kuwa utaliosha kila unapomaliza. Kichwa chenye upana wa sentimita 30 kinatosha. Ukitaka vibao vya kufinyangia juu yake, pima umbali wa misumari ya kichwa kabla ya kuvinunua, maana si vyote vinavyolingana.

Vishikizo vya kubania bakuli wakati wa kuchonga kitako vinaweza kusubiri. Vidonge vitatu vya udongo laini, vikibanwa kuzunguka mdomo wa bakuli lililopinduliwa, vinalishika imara, na ukimaliza vinarudi kwenye ndoo ya mabaki.